Jiwe Tuliloling'oa Mpakani

Wanawake vijana wa kanisani kwetu wakisikia kwamba tulikuwa tukitembea kwa miguu kutoka Mwanda hadi Voi, kila mtu na jiwe lake, huuliza kama siku zile hapakuwa na magari. Magari yalikuwepo, jamani. Yalitupita, na vumbi lake tulilila. Lakini jiwe halipandi gari. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na hakuna aliyeihoji, hata mimi ambaye nasifiwa kwa mdomo.

Tuliiita Safari ya Mawe. Ilikuwa kila Agosti, kuelekea sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na nazungumzia mwanzo wa miaka ya sabini, miguu yangu ikiwa bado miguu. Siku ya kwanza tulitoka Mwanda alfajiri na kulala Wundanyi kwenye madarasa ya shule. Siku ya pili tuliteremka Mwatate. Siku ya tatu ilikuwa tambarare tupu, jua na mkonge, hadi tuone mabati ya Voi na kusikia treni. Kanisa lilikuwa limejaa watu waliokuja kwa basi, wasafi, wamepaka mafuta. Tuliingia na vumbi letu tukakaa mbele, na hakuna aliyethubutu kutuambia kitu.

Njiani kulikuwa na alama zetu. Kabla ya Wundanyi kulikuwa na Jiwe la Salamu, mwamba kando ya njia uliolainishwa na viganja vya watu. Unaugusa na kutaja uliyemwacha nyumbani. Kule tambarare kulikuwa na msalaba wa mataruma mawili ya reli, na hapo tulivua viatu, wale waliokuwa navyo. Katikati, pale barabara inapoachana na milima na nchi nzima inafunguka mbele yako, ndipo palipokuwa na Rundo. Sijui nani aliweka jiwe la kwanza. Nilipoolewa nililikuta likinifika kifuani, na mimi si mrefu lakini pia si mbilikimo.

Kwenye Rundo ndipo unapoweka jiwe lako na kuacha kinachokulemea. Na jiwe la njiani si jiwe. Lazima litoke pale mzigo wako ulipo. Mwenye mtoto mgonjwa alichukua kando ya kitanda chake. Mwenye mume mlevi alichukua mlangoni, pale anapoangukia. Mwanamke mmoja, jirani yetu, shida yake ilikuwa njaa, basi akang'oa figa jikoni, akalibeba hadi Rundo, halafu akarudi nyumbani kupikia mafiga mawili. Tulimcheka mwaka mzima. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili vilevile, tukamwambia. Tungejua yanayotusubiri sisi tungecheka kwa adabu.

Sheria nyingine ilikuwa kwamba jiwe likishawekwa halinyanyuliwi. Ukilinyanyua umebeba tena ulichokiacha, pamoja na vya wengine vilivyolala chini yake. Na ya mwisho, iliyonikuta mimi: watu wawili wenye ugomvi hawaruhusiwi kubeba mawe mawili. Hubeba moja, pamoja, kutoka mahali ugomvi ulipoanzia.

Ugomvi wangu ulikuwa na wifi yangu, dada wa mume wangu.

Wifi alikuwa ameolewa upande wa Taveta, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na watoto wawili. Kwetu milimani binti aliyerudi ana taabu. Anakaribishwa, anapewa uji, lakini ardhi ni ya ndugu zake wa kiume, na siku akifa watu huanza kuulizana azikwe wapi. Hilo ndilo lililomnyima wifi usingizi. Aliniambia mara moja tukichota maji: "Mimi sina hata pa kulaza mgongo wangu nikishakufa."

Baba mkwe wangu alimhurumia. Wanawe wote walikuwa kazini mbali, wengine wakiwa wameshagawiwa sehemu zao, mume wangu akiwa Voi kwenye karakana, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mzee alikuwa amedhoofu. Siku moja alituita sisi wawili shambani, mimi na wifi, akatembea na fimbo yake hadi kwenye migomba, akasema, "Hapa." Mimi ndiye niliyechimba shimo kwa sababu yeye hakuwa na nguvu. Wifi alibiringisha jiwe jeupe lenye kichwa kama cha mbuzi, tukalisimamisha, mzee akalikanyagia udongo. Akasema upande wa chini hadi kijito ni wa binti yake na watoto wake. Akaomba uji, akanywa, akarudi kulala. Hakumaliza mwaka. Mume wangu alipoliona lile jiwe baadaye aliguna tu. Hakuuliza, nami sikumtafutia maneno.

Lakini nani aliwahi kuona mgomba ukaheshimu mpaka? Migomba ile niliipanda mimi. Shina lilikuwa upande wangu, na machipukizi, bila haya, yakavuka kwa wifi na kuzaa huko. Siku moja namkuta na panga, mkungu begani, anaondoka zake. Nikaushika huku. Akaushika kule. Tulivuta mpaka mkungu ukakatika, yeye akaanguka na nusu yake na mimi na nusu yangu, na watu waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kutazama. Mimi ni mzaliwa wa Njukini, huko chini kwenye mahindi na maharagwe, na sisi watu wa tambarare hatunong'oni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wifi naye, ambaye watu walimsifu kwa upole, aliyarudisha yote na chenji juu.

Ikapita miezi hatusalimiani. Tukikutana kwenye njia nyembamba ya kijito kila mmoja alitazama kijito.

Agosti ilipofika kiongozi wa safari alikuja kwangu na wifi akiwa nyuma yake. Kiongozi alikuwa mama mnene, mjane wa mfanyakazi wa reli, mwenye filimbi ya marehemu mumewe shingoni pamoja na rozari, na hatukujua kipi alikitegemea zaidi.

"Nyinyi mtabeba moja," akasema. "Ugomvi ulianzia wapi?"

"Kwenye ndizi," wifi akasema.

"Ndizi zinaoza. Nataka jiwe."

Tukasema kwa pamoja, bila kutazamana: "Jiwe la mpaka."

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri, na kiongozi naye hakufikiri. Sheria ni sheria: jiwe litoke pale. Tulienda na jembe tukaling'oa. Jioni ile nililipiga maji likang'aa, nikajiona mcha Mungu kweli.

Tulilitia kwenye kikapu cha masikio mawili, kila mtu na sikio lake. Sasa wifi alikuwa mrefu na mimi nilikuwa kama nilivyokwisha kusema. Jiwe likawa linateleza kuja kwangu. Nikimwambia ainame, anasema mgongo wake haukuumbwa kwa ajili yangu. Nikiinua sikio langu hadi begani, mkono unakufa ganzi. Na kila tuliporushiana neno, kiongozi alipiga filimbi, msafara mzima ukasimama juani mpaka tutakapoombana radhi. Kufika Jiwe la Salamu tulikuwa tumesimamisha watu mara nyingi hivi kwamba mama mmoja alisema mwaka ujao ataugua makusudi.

Mwambani kila mtu aligusa na kutaja wa kwake. Wifi aliweka kiganja, akakikandamiza. Halafu akasema, "Baba." Na mimi, niliyekuwa nimejipanga kuwataja watoto wangu, nikajikuta nimesema hivyohivyo, kwa sababu yule mzee alikuwa mwema kwangu kuliko wengi. Tukashika masikio yetu ya kikapu tukaondoka. Baada ya kona mbili hivi nikagundua kwamba ameanza kuinama kidogo. Sikusema asante, maana ningeharibu.

Wundanyi tulilala sakafuni, jiwe katikati yetu. Asubuhi tukateremka. Kwenye Rundo kila mtu alipanda kwa zamu, akaweka, akashuka akifuta macho au akicheka. Zamu yetu ilipofika tulipanda pamoja, tukalishusha lile jiwe kwa mikono minne. Wifi akasema, "Naacha ndizi." Nikasema, "Naacha mdomo." Akaniangalia akasema, "Huo utakufuata hadi Voi, wifi," na tukacheka mpaka tukashikana tusianguke. Nilimpenda tangu pale. Nasema wazi, nilimpenda, na yaliyofuata hayakulibadilisha hilo.

Hatukuwa tumemaliza mwezi tangu turudi, chifu akaitisha baraza. Wapima ardhi wanakuja. Kila mtu aonyeshe mpaka wake, na mpaka lazima uwe na alama: jiwe, mti, au mstari wa mkonge. Kitakachopimwa ndicho kitakachoandikwa, na kikiandikwa kimekwisha.

Nilikuwa nimesimama karibu na wifi. Nilimwona akishika mdomo.

Tulikimbia shambani. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha, kuku walikuwa wamepekua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelima nikapanda maharagwe mpaka kwenye migomba. Pa jiwe hapakujulikana. Wifi akapiga magoti akapapasa udongo kwa vidole. Kesho yake alikwenda kwa kiongozi kumwomba ruhusa ashuke hadi kwenye Rundo akalichukue. Kiongozi alikataa, tena kwa ukali. "Ukilinyanyua umenyanyua ule ugomvi na shida za watu wote wa milima hii. Utazibeba wewe?" Wifi alirudi analia. Alikuwa mtu wa kuogopa dhambi. Mimi ningelifuata hata kwa kutambaa, lakini yeye alinishika kanga akasema la, tusimkosee Mungu kwa ajili ya shamba.

Mume wangu akaja kutoka Voi kwa ajili ya vipimo. Alizunguka shamba mikono nyuma.

"Jiwe liko wapi?"

"Tumelipeleka kwenye Rundo," nikasema. "Si unajua safari."

Akakwangua udongo kwa kiatu. Halafu akasema polepole, "Basi, kama hakuna jiwe, shamba ni moja."

"Na dada yako?"

"Dada yangu atakaa. Mimi nitamfukuza dada yangu? Unanionaje?"

Hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Angekaa naye vizuri, hilo najua. Lakini nilimwambia, "Leo ni dada yako. Kesho wewe umekufa na mimi nimekufa, wanao watamwambia nini? Na akifa yeye?" Akasema mambo ya ardhi ya ukoo si ya jikoni. Nikamwambia jiwe lile nililichimbia shimo mimi, si jiko. Aliinuka akaenda kuoga. Nilielewa hesabu yake vizuri. Mimi nikifunga mdomo, sehemu yote ya chini hadi kijito ni yetu, ni ya watoto wangu, na ni udongo mzuri, mweusi, unaotoa viazi kama vichwa.

Siku ya kupima alikuja ofisa na mnyororo wake wa kupimia na vigingi, pamoja na wazee watatu wa kamati. Mume wangu akawatembeza. Wifi alisimama kando, kichwa chini, watoto wake wameshika nguo yake. Mbele ya wazee, mwanamke hasemi juu ya ardhi ya ukoo mpaka aulizwe, na binti aliyerudi hata haulizwi.

"Kuna mpaka hapa katikati?" ofisa akauliza.

"Hakuna," mume wangu akasema. "Mnaona wenyewe. Ni shamba moja."

Ofisa akaanza kukunjua mnyororo.

"Upo!" nikasema.

Wote wakageuka. Mzee mkubwa wa kamati, mwenye kofia ya koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, akanitazama juu chini. "Mama, wewe umekuja kwetu juzi kutoka tambarare. Mume wako amesema haupo."

"Mume wangu alikuwa Voi. Mimi nilikuwa hapa na jembe mkononi. Baba mkwe alisimama akasema hapa, nikachimba hapa." Nikachukua jembe la mtu aliyekuwa karibu, nikaenda kwenye maharagwe yangu mwenyewe, nikalipiga chini. "Hapa!"

Mume wangu aliona haya hadi masikioni. Mzee akasema kwamba neno la mke dhidi ya mumewe, bila alama, ni jambo gumu. Niliona linaniponyoka. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Si hapo."

Alikuwa wifi. Ameinua kichwa.

"Nini?" nikasema.

"Si hapo. Lilikuwa huku, hatua nzima." Akaja akanipita, akasimama upande wa juu, ulio wangu, akapiga mguu. "Hapa."

Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimejivunjia nyumba kwa ajili yake mbele ya wazee, na yeye ananipokonya hatua nzima! Damu ilinipanda. "Mwongo wewe! Kweli mtu akipewa shubiri huchukua pima! Hapo ulipokanyaga ni shina la mgomba, nani anachimbia jiwe ndani ya mgomba?"

"Mgomba ulikuwa bado mdogo!"

"Ulikuwa umezaa! Wewe mwenyewe uliegemea ukachafua kanga kwa utomvu, ukalalamika siku nzima!"

"Niliegemea wa pili, si huu! Na Baba alikaa pale, juu ya kile kisiki, akaomba uji!"

"Uji niliuleta mimi! Na jiwe ulilibiringisha likaniponda kidole, kucha ikatoka, hii hapa!" Nikavua kiatu.

"Ulikaa njiani kama gogo, ningefanyaje?"

Sijui tungeishia wapi. Watoto walikuwa wameanza kulia. Nilikuwa nimeinua kiatu. Ndipo yule mzee akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akashika fimbo kwa mikono miwili asidondoke. Wenzake wakacheka. Hata ofisa, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akainamia mnyororo wake akitikisika.

"Andika," mzee akamwambia. "Andika kuna mpaka. Nimeamua kesi za ardhi tangu meno yangu yote yakiwa kinywani, na sijaona watu wakipigania hivi kitu ambacho hakipo." Akamgeukia mume wangu. "Kijana, baba yako alikata shamba. Wamelikata wawili hawa mbele yako sasa hivi, na kucha juu."

Mume wangu alitazama chini. Halafu akasema, "Sawa, mzee."

Kigingi kilipigwa katikati ya jembe langu na mguu wa wifi, na wote wawili tulinung'unika. Ofisa akauliza sehemu ya chini iandikwe kwa jina la nani. Mzee akasema, "Si umemsikia? Mwenyewe yupo, na ana sauti." Wifi akalitaja jina lake, la kwake na la baba yake. Alilitaja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wengine husema tulipanga. Hatukupanga, na anayedhani mimi naweza kupanga hasira hanijui. Jioni wifi alikuja jikoni kwangu na kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kimefunikwa kwenye sahani, akakaa. Nilikuwa bado nimevimba. Nikamuuliza kwa nini, wifi, kwa nini, nami nilikuwa nakutetea?

"Nilijua jiwe lilikuwa wapi," akasema. "Lilikuwa pale ulipopiga jembe. Lakini nilikuona unasema peke yako juu ya shamba langu, na mimi nimesimama kama mbuzi anayeuzwa. Nikataka na mimi niseme. Na wewe, nikikubaliana na wewe, husikii."

Tulikula kile kimanga. Mume wangu alikaa miezi miwili Voi bila kupanda mlima. Wa tatu alikuja na sukari, pakiti mbili, moja ya kwetu na moja ya dada yake, akaipeleka mwenyewe. Tulipanda mkonge kwenye mstari, mimi nikaanzia juu na wifi akaanzia kwenye kijito, tukakutana kwenye migomba. Ndizi tuligawana. Tuligombana pia, karibu kila mwaka, na safari za baadaye tukabeba mawe mengine, lakini hatukung'oa tena kitu chenye kazi.

Wifi alifariki mwishoni mwa miaka ya themanini, kifua, wakati wa baridi. Watu wa ukoo walikusanyika, na kama nilivyojua, mmoja akaanza kuuliza taratibu kama haifai kuwatafuta watu wa Taveta, wa ile ndoa ya zamani, wakamzike kwao. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, mume wangu, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu na mgongo wake ukimsumbua, alisimama akaenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe na sururu. Vijana wakataka kumpokea, akawakatalia. Akaja hadi kwenye mkonge akaniita.

"Mama watoto, nianzie wapi?"

"Vuka," nikasema. "Upande wake, pale juu ya viazi, anapoona kijito."

Akavuka mkonge, akaanza kuchimba.